Parsaloi Ole Gilisho: Mdai Aliyefika kwa Wakati

Abiria anayekwenda kupanda matatu nambari 111 katika kituo cha Railways jijini Nairobi huenda amekatiza Barabara ya Kenyatta, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Delamere, mlowezi aliyepewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Matatu ikishaingia Barabara ya Ngong, upande wa kulia, mitaa ya Kilimani ina barabara iitwayo Lenana. Dagoretti Corner ikipitwa, utingo hulitaja jina hilo tena kwa sauti, mara hii akikusudia shule ya upili ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Duke of York. Mlima Kenya nao una kilele cha Lenana. Mimi nimeisafiri njia hiyo kwa miaka mingi, na katika safari zote hizo sijapata kusikia kituo kikiitwa kwa jina la Ole Gilisho.

Simwonei kijicho Lenana. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi hujifunza mapema kwamba kusahauliwa kwa mhusika kunaweza kueleza mengi kama kukumbukwa kwake. Parsaloi Ole Gilisho aliishi zama moja na Lenana. Alitia alama yake kwenye mkataba mmoja na Lenana mwaka 1904, na Lenana alipofariki yeye ndiye aliyebaki kubeba matokeo. Miaka mia moja kabla ya Wakenya wa leo kuzoea kusikia habari za jamii nzima kuishtaki serikali na kudai fidia, yeye alikuwa amekwisha kulifikisha dai la namna hiyo mahakamani.

Tuanze na jina, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Katika hati za Waingereza mtu huyu anaitwa Legalishu. Neno la Kimaa linalomfungamanisha mtu na ukoo wake, ambalo sisi tumezoea kuliandika Ole, lilimezwa na jina lenyewe kwa sababu aliyeshika kalamu hakujua mpaka wa neno uko wapi. Olonana naye akawa Lenana. Mtu wa tatu, ambaye tutakutana naye hapo mbele, aliitwa Murket Ole Nchoko, lakini sheria ya Kenya inamjua kama Ol le Njogo. Makosa haya yanaweza kuonekana madogo, na pengine mtu atasema kwamba kila mgeni hukosea majina. Lakini karani asiyesikia jina la mtu vizuri alisikiaje masharti ya mkataba? Maneno ya 1904 yalipita kwa wakalimani kabla ya kuwafikia waliotia alama zao chini ya karatasi ambayo wao wenyewe hawakuweza kuisoma.

Ole Gilisho alikuwa wa sehemu ya Wamasai waitwao Purko, na alikuwa olaiguenani, yaani msemaji wa rika lake. Cheo hicho kina rungu jeusi kama alama yake, na mwenye cheo hicho huchaguliwa na wenzake kwa busara na ulimi wake. Ni vyema msomaji atofautishe olaiguenani na oloiboni, ambaye ni mtabiri na mganga wa ibada. Lenana alikuwa oloiboni, mwana wa Mbatiany. Waingereza, waliohitaji mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa niaba ya wote, walimfanya oloiboni kuwa chifu mkuu wa Wamasai, mamlaka ambayo mila haikumpa. Wasemaji wa marika, ambao ndio waliokuwa na haki ya kuzungumzia malisho na vita na amani, walihesabiwa kama wasaidizi tu. Kosa hilo moja lilizaa mengine mengi.

Vijana wa kizazi chake walikulia katika miaka migumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe, ndui ikafuata, kisha njaa, na kifo cha Mbatiany kikazusha ugomvi wa urithi kati ya Lenana na nduguye Sendeyo. Lenana alitafuta ulinzi kwa Waingereza. Reli ilipofika mahali palipoitwa Enkare Nairobi, maji baridi, mwaka 1899, Wamasai walikuwa wameanza tu kujenga upya mifugo yao. Ni wakati huo wa udhaifu ndipo walowezi walipoikuta nyasi ya Bonde la Ufa karibu na reli, wakaona haina mwenyewe.

Mwezi wa Agosti 1904 Kamishna Donald Stewart alipata mkataba aliokuwa akiutaka. Wamasai wangeliacha Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru pamoja, na kugawanyika sehemu mbili: wengine waende kaskazini Laikipia, wengine wabaki kusini kuanzia upande wa Ngong na Kiserian. Njia yenye upana wa nusu maili ingeunganisha rizavu hizo mbili, na mahali pa kufanyia sherehe za tohara pangehifadhiwa huko Kinangop. Kuhusu muda, mkataba ulisema kwamba haki hizo zingedumu maadamu Wamasai wapo duniani. Nalisisitiza hili kwa sababu miaka mingi baadaye watu wengi waliamini kwamba ulikuwa mkataba wa kukodisha kwa miaka 99 au 100. Maandishi yenyewe hayana ukomo wa namna hiyo. Ole Gilisho alitia alama, akawaongoza Purko kwenda Laikipia.

Laikipia iliwapokea vizuri. Nyasi zilikuwa tamu, maji yalikuwepo, na ndani ya miaka michache ng'ombe na kondoo waliongezeka kuliko ilivyotarajiwa. Neema hiyo ndiyo iliyowaponza. Walowezi waliokuwa wakiitazama Laikipia kwa mbali waliona sasa kwamba ni nchi njema ya mifugo, kwa kuwa Wamasai wenyewe walikuwa wamelithibitisha hilo. Gavana Percy Girouard alishikilia kwamba kabila linapaswa kuunganishwa pamoja kusini, chini ya oloiboni mmoja. Mwezi wa Februari 1910 mkutano mkubwa ulifanyika Gilgil, na humo Ole Gilisho akakataa kuhama. Ofisi ya Makoloni huko London ilisitisha mpango huo kwa muda, ikiwa na wasiwasi juu ya ahadi ya 1904 ambayo haikuwa imetimiza hata miaka saba.

Kisha, tarehe 7 Machi 1911, Lenana akafariki. Maofisa walitangaza kwamba katika kufa kwake aliwausia watu wake waitii serikali na wahame Laikipia. Wosia wa marehemu ni jambo zito katika jamii zetu zote, na hauna wa kuuhoji kwa kuwa mwenyewe hayupo. Nakiri kwamba mimi nausoma wosia huu kwa shaka, hasa nikizingatia jinsi ulivyoafikiana na haja ya waliousimulia. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 4 Aprili 1911, mkataba wa pili ulitiwa alama. Aliyewekwa mbele kama mrithi wa Lenana alikuwa mwanawe Segi, ambaye bado alikuwa kijana mdogo. Na miongoni mwa alama zilizomo humo iko ya Legalishu.

Hapa ndipo waandishi wengi wa maisha ya mashujaa hupita kwa haraka. Mimi sitaki kupita. Mtu aliyekataa Gilgil alitia alama yake mwaka mmoja baadaye, naye ni yeye yule. Tunaweza kusema alishurutishwa, na kweli shinikizo lilikuwa kubwa: mkubwa wa dini amekufa, serikali ina bunduki, na mabaraza yanaitwa tena na tena mpaka jibu linalotakiwa lipatikane. Lakini kushurutishwa hakuifuti alama kwenye karatasi, naye alilijua hilo. Nionavyo, kila alilolifanya baada ya Aprili 1911 lilikuwa juhudi ya kuirudisha alama ile nyuma. Si shujaa asiye na doa ninayemsimulia hapa. Ni mtu aliyepatikana katika kona mbaya, kisha akatafuta mlango.

Uhamisho ulianza Juni 1911. Familia na mifugo walielekezwa kupitia nyanda za juu za Mau, mahali pa baridi na mvua ambapo Mmasai hapeleki ng'ombe ila kwa dharura. Makundi yalirundikana, njia zikawa matope, watu na wanyama wakafa. Serikali ikalazimika kusimamisha zoezi zima mwezi wa Agosti, na wengi wakarudi Laikipia. Mwaka uliofuata wakaanza kusukumwa tena. Hadi kazi hiyo ilipokwisha katika mwezi wa Aprili 1913, watu wasiopungua 10,000 walikuwa wamehamishwa, na wako wanahistoria wanaosema idadi yao ilikaribia mara mbili ya hiyo. Mifugo, ukihesabu kondoo na mbuzi, ilizidi milioni moja. Huko kusini walikuta maji machache na magonjwa ambayo mifugo ya Laikipia haikuyazoea, ikiwemo ndigana kali, ambayo huua ndama kwa wingi.

Wakati watu walipokuwa bado wanasukumwa, Ole Gilisho na wenzake waliamua kwenda mahakamani. Tujaribu kulipima jambo hilo kwa macho ya 1912. Hapakuwa na chama cha siasa. Hapakuwa na gazeti la Mwafrika wala Mwafrika yeyote katika Baraza la Kutunga Sheria. Waliojua kusoma miongoni mwa Wamasai walikuwa wachache mno. Akiba yao ya fedha ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe ndio waliokuwa wakifa njiani. Hata hivyo walimpata wakili Mzungu jijini Nairobi, Alexander Morrison. Palikuwa pia na Wazungu wachache ndani ya serikali yenyewe waliochukizwa na mambo haya, hasa daktari Norman Leys, aliyewaandikia watu wenye ushawishi Uingereza kuhusu yaliyokuwa yakitendeka. Leys alilipa gharama ya ukaidi wake: alihamishwa kutoka katika nchi hii mwaka 1913.

Kesi ilifunguliwa kwa jina la Murket Ole Nchoko na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Himaya ya Afrika Mashariki. Jina la Ole Gilisho halikuwa la kwanza, ingawa yeye ndiye aliyekuwa moyo wa juhudi hiyo. Kwa maoni yangu palikuwa na hekima katika mpangilio huo, kwa sababu hoja mojawapo ilikuwa kwamba mkataba wa 1911 ulifanywa na watu wasio na uwezo wa kuwafunga Wamasai wote wa Laikipia. Hoja kama hiyo humkaa vizuri zaidi mtu ambaye hakutia alama. Wadai waliiomba mahakama itamke kwamba mkataba wa 1904 bado una nguvu na kwamba Laikipia ni yao. Pia walidai fidia kwa hasara ya mifugo iliyotokana na kuhamishwa.

Mwezi wa Mei 1913 Mahakama Kuu iliitupa kesi, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaitupa rufani. Sababu zilizotolewa zinastahili kusomwa polepole. Mahakama haikusema kwamba Wamasai hawakuhamishwa, wala haikusema kwamba ng'ombe hawakufa. Ilisema kwamba himaya hii si sehemu ya milki ya Mfalme bali ni nchi ya kigeni iliyo chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo Wamasai si raia wake, na makubaliano yao na serikali ni mkataba wa mataifa mawili. Aliyoyatenda serikali katika kuutekeleza ni matendo ya dola, nayo mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuyaingilia. Kwa lugha nyepesi, Mmasai aliyezaliwa Naivasha aliambiwa kwamba mbele ya jaji wa Kiingereza yeye ni mgeni, tena mgeni mwenye taifa lake, na taifa likidhulumiwa na taifa jingine haliendi kortini.

Lingekuwa jambo la heshima kubwa kama lingefuatwa. Lakini mwaka 1920 himaya hiyo ikageuzwa kuwa koloni, na mwaka 1921 Mahakama Kuu iliamua, katika shauri la ardhi la Wakikuyu, kwamba Waafrika ni wapangaji wa Mfalme wanaokaa kwa ridhaa yake. Basi katika muda wa miaka minane mwenyeji alikuwa ametoka kuwa mgeni mwenye mamlaka yake akawa mpangaji asiye na hati. Anayetaka kuona jinsi maneno yanavyoweza kumvua mtu nguo bila mkono kumgusa, na asome hukumu hizo mbili kwa pamoja. Nathubutu kusema kwamba katika kozi zetu za uchanganuzi wa matini tungeweza kufanya kazi nzuri zaidi kwa hukumu hizi kuliko kwa hotuba nyingi tunazozichambua kila mwaka.

Palibaki njia moja, rufani kwenye Baraza la Mfalme huko London. Haikufuatwa. Watu walikuwa wamekwisha kuondolewa Laikipia, na kesi ya London ilihitaji fedha ambazo jamii iliyotoka kupoteza mifugo yake isingezipata kwa urahisi. Girouard mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka madarakani mwaka 1912, baada ya kugunduliwa kwamba alikuwa amewaahidi walowezi ardhi ya Laikipia huku akiwaficha wakubwa wake wa London. Kuondoka kwake hakukumrudisha mtu yeyote nyumbani.

Ole Gilisho aliishi miaka 26 zaidi baada ya hukumu, huko kusini alikokataa kwenda. Aliiona Tume ya Ardhi ya Morris Carter ikizunguka nchi mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kutoa ripoti yake mwaka 1934 bila kuwarudishia Wamasai Laikipia. Alifariki mwaka 1939.

Dai lake halikuzikwa naye. Mwaka 1962, katika mkutano wa katiba huko Lancaster House, wajumbe wa Kimasai walilileta upya, wakaambulia patupu, wakakataa kutia sahihi. Safari hii hakuna aliyeweza kuwapata kwenye kona. Mwezi wa Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka mia moja, Wamasai waliandamana katikati ya Nairobi wakiwa na shuka na rungu zao, wakipeleka malalamiko yao kwa serikali ya Kenya na kwa ubalozi wa Uingereza. Huko Laikipia wafugaji waliingiza ng'ombe katika mashamba makubwa, polisi wakatumwa, na damu ikamwagika. Waandamanaji wengi walisema muda wa miaka mia umekwisha. Nimekwisha kueleza kwamba karatasi haikusema hivyo. Haki yao kwenye karatasi ile ilikuwa kubwa kuliko waliyoidai.

Anayeshuka leo kwenye matatu upande wa Uhuru Park anaweza kuona sanamu ya mpiganaji wa Mau Mau akipokezwa chakula na mwanamke. Ilizinduliwa Septemba 2015, nayo ni sehemu ya mapatano yaliyotangazwa Juni 2013, ambapo serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa katika kambi za kizuizini. Jumla ilikuwa pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Kesi hiyo iliyofunguliwa London mwaka 2009 iliwezekana kwa sababu waliotendewa walikuwa hai na makovu yao yalikuwa hai. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walipofuata njia hiyohiyo, mahakama ya London iliwakatalia mwaka 2018, hasa kwa sababu muda ulikuwa umepita mno. Waogiek, ambao msitu wao wa Mau ndio uliowameza ng'ombe wa Purko mwaka 1911, walikwenda Arusha kwenye Mahakama ya Afrika. Walishinda dhidi ya serikali ya Kenya mwaka 2017, na mwaka 2022 wakaamuliwa fidia ya shilingi 157,850,000. Ushindi wa karatasi na pesa mkononi ni mambo mawili, lakini angalau karatasi yao inasema walikosewa.

Ninapoyaweka mashauri haya bega kwa bega, ndipo ninapomwona Ole Gilisho waziwazi. Wazee wale 40,000 waliambiwa wamechelewa. Yeye hakuna awezaye kumwambia hivyo. Alifika mahakamani ng'ombe wakiwa bado njiani, matope ya Mau yakiwa hayajakauka miguuni mwa watu wake, mashahidi wote wakiwa hai, pande zote mbili, na mkataba wenye miaka minane tu ukiwa mezani. Kama fidia ingekuwa inategemea kuwahi, angelipwa yeye kabla ya mtu yeyote katika nchi hii.

Wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Parklands, bado huisoma kesi hiyo. Huitafuta katika ripoti za zamani za Afrika Mashariki chini ya jina la Ol le Njogo, kama karani alivyoliandika.